Maktaba Yetu na Maktaba za Wengine
Maneno ya wahudumu wa maktaba katika Siku ya Wakimbizi Duniani



Tunaishukuru Kamati kwa kutupatia nafasi hii. Kwa kawaida siku kama ya leo huzungumza wakubwa, kisha hufuata ngoma, kisha soda, na sisi wa maktaba huombwa kuazimisha viti tu. Safari hii tumeombwa maneno, na tumeyaandika ili yachapwe katika jarida la kumbukumbu.

Sisi tunaofungua mlango wa maktaba ni watatu. Hakuna hata mmoja aliyesomea kazi hii. Mmoja wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Fizi, mwingine alikuwa karani wa parokia huko Uvira, na wa tatu alivuka ziwa mgongoni mwa mama yake mwaka 1996 akajifunza kusoma humu humu kambini. Basi tukisema "sisi" mtuelewe hivyo. Jambo likimhusu mmoja, tutasema "mmoja wetu," na tafadhali msituulize baadaye ni nani.

Kwanza tueleze namna tulivyoingia katika kusoma. Nyumbani kwa mmoja wetu kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake vitabu vitatu: Biblia, katekisimu ya Kifaransa, na kitabu kisicho na jalada. Hicho cha tatu kilivuka kutoka Kigoma pamoja na vitenge vya mfanyabiashara mmoja. Baadaye sana tulijua kwamba kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ambayo Mwingereza Rider Haggard aliitoa mwaka 1885, nayo ikatiwa katika Kiswahili wakati wa ukoloni. Wazungu watatu wanakwenda milimani kutafuta almasi. Bibi kizee mchawi anawaingiza pangoni penye hazina, mlango wa jiwe unashuka, wanafungiwa gizani. Hapo kurasa zikaisha. Mtu alikuwa amezichana kusokotea tumbaku.

Watoto wa nyumba ile waligombana miaka mingi juu ya namna wazungu wale walivyotoka, au kama hawakutoka kabisa. Babu yao alisema wamekufa, na ni haki yao, kwa sababu walikwenda kuchukua mali isiyo yao. Kitabu chenyewe kinatutazama sisi Waafrika kwa jicho la mtu aliye juu, na babu aliliona hilo bila kwenda shule. Hata hivyo kila jioni aliagiza kisomwe tena tangu mwanzo.

Yule wa Uvira yeye alisoma chumbani kwa padri, mahali palipokuwa na rafu mbili. Sheria ilikuwa kitabu kimoja kwa juma, na kabla ya kupewa kingine ulisimama ukasimulia ulichosoma. Huko ndiko alikosoma L'Enfant noir cha Camara Laye wa Guinea, kilichotoka mwaka 1953. Baba wa mtoto anayesimulia ni mfua dhahabu katika mji wa Kouroussa. Mwenzetu alimaliza kitabu akaenda kukaa kutwa nzima kwa mhunzi wa mtaani kwao, akimtazama anavyovuta mivukuto, na mhunzi akadhani kijana ametumwa na mdai.

Tulipovuka ziwa nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka ule wa 1996, na ya Lugufu ikafuata mwaka 1997. Sisi tulipelekwa Lugufu. Maktaba ilianza kwa masanduku machache katika chumba cha matofali ya udongo chenye paa la turubai. Tulikabidhiwa ufunguo na daftari, na tukaambiwa: vitunzeni.

Ndugu zetu, tulivitunza kupita kiasi. Hakuna kitabu kilichotoka nje. Mtoto mdogo hakuingia. Mwenye mikono michafu alirudishwa, na katika kambi ile ya vumbi ni nani aliyekuwa na mikono safi? Ufunguo ulivaliwa shingoni. Wageni walipokuja tuliwaonyesha rafu zimenyooka, vitabu vipya kama siku vilipotoka sandukuni, na wageni walitusifu. Nasi tuliona fahari.

Kitabu tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kutolewa mwaka 1981. Ilikuwa moja tu kambi nzima. Walimu waliifuata, wanakwaya waliifuata, hata watu wenye mabishano ya baa walituma mtoto aje kuuliza neno. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa sekondari, hatutamtaja jina, ambaye alikuja kila siku saa nane mchana akaifungua na kunakili maneno katika karatasi za nyuma ya makopo ya maziwa. Siku moja jioni tulihesabu vitabu, kamusi haikuwepo. Aliyeonekana nayo mwisho ni yeye.

Hatukumwuliza kwa upole. Tulikwenda kwao tukiwa na mlinzi, tukapekua nyumba mbele ya majirani, mama yake akiwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Hatukukuta kitu. Hata hivyo tulimfutia kadi yake, na jina lake tukalibandika ubaoni. Hakurudi tena. Mwaka 2006 familia ile ilipanda meli Kigoma kurudi Baraka.

Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa na watu waliobaki tukahamishiwa Nyarugusu. Siku ya kufungasha tulivuta kabati lililoegemea ukuta wa nyuma. Kamusi ilikuwa hapo, imeanguka kati ya kabati na ukuta, imesimama wima. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni wakala tangu A hadi karibu na mwisho wa K. Kuanzia L ilikuwa nzima. Tuliendelea kuvuta, tukakuta rafu nzima ya chini imeliwa kwa ndani. Migongo ya vitabu ilikuwa safi, imenyooka, na ukikishika kitabu kilimwagika kama unga. Ni vile vile tulivyowaonyesha wageni.

Jambo la pili lilitokea siku ile ile. Malori yalipokuwa yakisubiri, watu walianza kuja mmoja mmoja na vitabu mikononi. Mama mmoja alileta kitabu cha hesabu, akasema mwanawe alikitoa kupitia dirishani na alikuwa akikirudisha kila Ijumaa kabla hatujahesabu. Mzee mmoja alileta Kusadikika cha Shaaban Robert kikiwa kimeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Vitabu vile tulikuwa tumeviandika katika daftari kuwa vimeibwa. Vilikuwa vimechakaa, vina madoa ya mawese, lakini vilikuwa na kurasa zote. Hatukujua tuseme nini. Tuliwapokea, tukawashukuru, tukapakia.

Miaka mitatu baadaye mmoja wetu alipata kibali cha kutoka kambini kumsindikiza mgonjwa wa rufaa Dar es Salaam. Mnafahamu kibali ni nini, na wageni wetu wanafahamu pia: bila karatasi ile mkimbizi havuki kizuizi. Ndiyo maana safari zetu za kuona maktaba za wengine ni chache mno, na hii moja tumeitafuna hadi leo. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Mgonjwa alilazwa, na kati ya saa za kumwona asubuhi na jioni mwenzetu hakuwa na kazi. Akauliza njia ya maktaba.

Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeifungua, tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru. Mwenzetu alisimama nje kwa muda akiwaza kwamba atadaiwa karatasi. Hakudaiwa. Aliandika jina daftarini, akaingia, akakuta wanafunzi wamejaa mezani, wengine wamelalia madaftari, feni zinazunguka. Hakuna aliyemtazama. Alituambia kwamba tangu mwaka 1996 hakuwahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kujua yeye ni wa kijiji gani na ana kadi namba ngapi.

Alitafuta rafu ya hadithi za Kiswahili akaona namba mgongoni mwa vitabu: 896.392. Namba hizi zinatokana na mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani, wa mwaka 1876. Elimu yote ya dunia inagawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na fasihi imepewa 800. Mwenzetu aliuliza, akaelezwa, akafurahi kwamba lugha yetu ina namba yake popote duniani. Kisha akatazama vizuri akapunguza furaha. Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani kila kimoja kina kumi lake zima, na lugha nyingi za Afrika Kusini mwa Sahara zimebanwa katika 896 moja, kama sisi tulivyobanwa katika hema la mapokezi. Sisi hapa tunatumia rangi: kijani Kiswahili, buluu Kifaransa, nyekundu Kirundi, nyeupe Kiingereza. Kila mtoto anaijua.

Katika rafu ile alikikuta Mashimo ya Mfalme Sulemani, kikiwa na jalada na mwisho wake. Alisoma amesimama. Wanatoka pangoni, ndugu zetu. Wanapapasa gizani, wanapata njia chini ya ardhi, wanatoka na almasi chache mifukoni. Zaidi ya miaka thelathini tulikuwa tumewaacha ndani. Aliporudi alitusimulia, na yule wa Fizi akasema babu angekasirika sana.

Lakini alilolileta hasa ni hili. Alisimama karibu na meza ya kuazimia akaona watu wanaondoka na vitabu katika mifuko ya sokoni, wanakwenda navyo nyumbani. Akamwuliza mama aliyekuwa pale kama havipotei. Akajibiwa kwamba vinapotea, na kwamba kazi ya kuvifuatilia ni sehemu ya kazi. Akarudi kugonga mihuri.

Tulibishana juma zima baada ya safari ile. Mmoja wetu alipinga hadi mwisho, na hoja yake ilikuwa ya kweli: Dar es Salaam kitabu kikipotea kinanunuliwa kingine, hapa tunanunulia nini? Mwishowe tulikubaliana kujaribu. Kitabu kimoja, siku saba, na jirani mmoja shahidi. Watoto wanaingia, na ndoo ya maji iko mlangoni. Vitabu kadhaa havijarudi. Vingine vimevuka ziwa, vingine vimepanda ndege pamoja na waliopata makazi nchi za mbali. Yule aliyepinga bado anapinga, lakini ndiye anayeshona migongo iliyofumuka.

Maktaba nyingine tumezitembelea kwa masikio tu. Tumesikia za Garissa, nchini Kenya, ambako mwaka 1996, mwaka ule ule tuliovuka ziwa, walianza kupeleka vitabu kwa wafugaji juu ya ngamia: ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Tumesikia pia kutoka kwa ndugu zetu waliokimbilia Burundi kwamba mwaka 2014 kambi za huko zilipata masanduku ya rangi yanayofunguka yakawa meza, rafu na sinema kwa muda wa dakika ishirini hivi. Tunakiri tuliona wivu.

Wawakilishi wa mashirika, mtusamehe, hapa tunasema nanyi. Tunashukuru kwa masanduku. Ila sanduku mojawapo lilikuwa na vitabu vya kompyuta zilizokwisha kuzeeka, na kingine cha kulima bustani katika nchi za baridi. Hicho cha bustani kimeazimwa sana kwa sababu ya picha za nyanya. Watoto wa Kikongo hapa wanasoma kwa mtaala wa kwetu, kwa Kifaransa, na nyumbani wanasema Kiswahili. Ndugu wa Burundi walipokuja kwa wingi mwaka 2015 walituomba vitabu vya Kirundi, nasi tulikuwa na Biblia tu. Kabla hamjafunga sanduku, tuulizeni. Tunayo orodha ya wasomaji walioomba vitabu wakakosa, na majibu hayachukui siku.

Tumebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama hapa. Yule mwanafunzi wa Lugufu hakuiba kamusi. Tulimwonea, na tulimdhalilisha mama yake mbele ya majirani. Jina lake tulilibandika ubaoni hadharani, kwa hiyo leo, hadharani, tunalifuta. Wako wengi kati yenu mnaomkumbuka, na wako wenye ndugu Baraka na vijiji vya jirani. Anayeweza kumfikishia salamu amwambie kamusi ilipatikana, na kwamba tunawaomba radhi yeye na mama. Kadi yake tumemwandikia upya. Iko katika droo ya kwanza, upande wa kushoto, pamoja na kamusi yenyewe, kuanzia L hadi Z.

Maktaba itafunguliwa kesho saa mbili asubuhi kama kawaida.