Kinacholipiwa kwa Mtaalamu wa Programu

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Somanda, Bariadi)



Katika nchi ya pamba hakuna asiyeijua mizani. Kabla ya vyama vya ushirika kushika nguvu huku Usukuma, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi binafsi, akasomewa uzito na mtu ambaye faida yake ilikuwa katika kuupunguza uzito huo. Manung'uniko juu ya mizani yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakusanya wakulima, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima wale hawakupungukiwa na chuma, kwani mizani ilikuwapo siku zote. Walichokitafuta ni uzito wa kuaminika, na mtu wa kuulizwa pale uzito unapotiliwa mashaka.

Programu ya kompyuta nayo ni mizani. Siku hizi mapato ya halmashauri, dawa za zahanati na fedha za shule hupimwa kwa programu. Hata hivyo, inapofika siku ya kumwajiri mtengenezaji wa programu, maswali huwa ni yale yale: atakaa siku ngapi, na atadai kiasi gani? Ni kana kwamba kinachonunuliwa ni saa za kubonyeza vitufe.

Taifa hili lilikwisha kulipa ada ya somo hilo. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Matumaini yalikuwa makubwa kwamba hesabu za Serikali zingekwenda kwa kasi na usahihi. Lakini wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, wageni ndio waliotegemewa, na mipango haikukomaa. Kazi ya hesabu ikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Mashine ilinunuliwa, lakini uelewa wa kazi na watu wa kuisimamia havikununuliwa pamoja nayo.

Basi, mwajiri hulipia nini hasa?

Kwanza, hulipia kueleweka kwa kazi yake. Mwaka 2017 ulianza kutumika mfumo wa FFARS, wa kutunza hesabu na kutoa taarifa za fedha katika shule na vituo vya afya. Mtumiaji wa mfumo wa namna hiyo ni nani? Mara nyingi ni mwalimu mkuu ambaye hakusomea uhasibu, mwenye vipindi vya kufundisha, na ambaye pengine hukatikiwa umeme akiwa katikati ya kazi. Mtaalamu asiyeyajua hayo ataandika programu isiyo na kosa hata moja, na bado haitatumika. Yule anayeketi na mwalimu, akauliza risiti hutunzwa wapi na nani huidhinisha malipo, atatumia siku nyingi bila kuandika mstari mmoja. Siku hizo si za uvivu. Ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa sababu kosa lililogunduliwa katika mazungumzo husahihishwa kwa maneno tu, ilhali lililogunduliwa mwisho wa mwaka wa fedha husahihishwa kwa jasho la watu wengi.

Pili, hulipia uwajibikaji. Programu huharibika bila kuguswa: kanuni za fedha hubadilika, fomu mpya huletwa, idadi ya wanafunzi huongezeka. Mkataba unaokwisha siku ya makabidhiano ni sawa na kununua mizani isiyo na mkaguzi.

Tatu, hulipia uhuru wake wa kesho. Msimbo wa programu na maelezo ya jinsi inavyofanya kazi yakibaki mikononi mwa fundi peke yake, mwajiri amekuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga kwa fedha zake. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia mambo haya katika taasisi za umma. Lakini sheria haiwezi kumsomea mkataba mtumishi anayetia sahihi bila kusoma.

Ndugu watumishi, lawama zisielekezwe kwa mafundi peke yao. Wapo kweli wanaojificha nyuma ya maneno magumu ili wasiulizwe. Lakini wapo pia maofisa wanaochagua bei ya chini kabisa, wakasahau kwamba rahisi ni ghali. Na wapo makarani wanaojua wazi kuwa utaratibu ulioandikwa katika faili siyo unaofuatwa dirishani, nao hunyamaza fundi anapouliza. Kimya hicho huingia ndani ya programu, na siku ya ukaguzi hutokea kikiwa pengo la fedha.

Kuuliza si ujinga. Mtaalamu ajapo, mwenye kazi na aeleze kazi yake ilivyo, si inavyotakiwa kuonekana. Naye adai kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kila tarakimu ilikotoka. Mkulima wa pamba hakujua kutengeneza mizani, lakini alijua mzigo wake, na kwa kuujua aliweza kusema: hapana, pimeni tena.