Habari za Vita na Afya ya Mlezi

Leo nazungumza na akina mama na walezi wa Kanyakine na vijiji jirani, hasa wewe nyanya unayelea wajukuu huku mama yao akifanya kazi Uarabuni.

Tarehe 23 Juni 2025, mwendo wa saa moja na nusu jioni, Iran ilirusha makombora kuelekea Al Udeid, kambi inayotumiwa na jeshi la Marekani nchini Qatar. Siku kumi kabla yake, Israeli ilikuwa imeanza kuishambulia Iran. Anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa.

Sasa mfikirie nyanya ambaye binti yake ameajiriwa Doha. Anapiga simu, haipatikani. Kijana wa jirani anamwonyesha video: majumba yanateketea, watu wanakimbia. Nyanya anakesha na simu mkononi hadi majogoo. Kunapokucha kichwa kinamgonga, dawa ya presha ameisahau, na mjukuu ameenda shule bila uji. Kumbe video ile ilikuwa ya mahali pengine na ya miaka iliyopita. Qatar ilitangaza kwamba hakuna aliyeuawa, na kesho yake yakatangazwa makubaliano ya kusimamisha vita.

Msikilizaji, hofu ya nyanya huyu si ujinga. Makombora yalikuwa ya kweli. Lakini kukesha kwake hakukumlinda binti, bali kulimuumiza yeye na mtoto aliyeachiwa. Ukitazama mambo ya kutisha saa baada ya saa, moyo hupiga mbio, usingizi hutoroka na chakula hakipiti. Kwa mama anayenyonyesha, wasiwasi mwingi unaweza kuchelewesha maziwa kushuka. Maziwa hayo hayaharibiki. Endelea kumnyonyesha mtoto. Mtoto mkubwa naye husoma uso wako. Anaweza kuanza kukojoa kitandani, kuota ndoto mbaya, au kukataa kukuachilia.

Uvumi tunaujua. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, jumbe fupi za simu zilieneza uchochezi na uongo hapa Kenya. Leo kuna video za zamani, za michezo ya kompyuta, na hata picha zilizoundwa na mashine. Kwa hiyo fanya hivi:

Kwanza, uliza: Nani amesema? Lini? Wapi? Je, kuna kituo kingine cha habari kinachosema hivyo? Usipopata jibu, usimtumie mtu mwingine.

Pili, chagua nyakati mbili za kusikiliza habari, kwa mfano adhuhuri na jioni. Usiku simu ilale mbali na kitanda.

Tatu, mpelekee binti yako ujumbe mmoja, umwombe ajibu akipata nafasi. Neno lake lina uzito kuliko video mia. Mkubaliane mapema pia nambari ya rafiki yake wa karibu. Asipopatikana kwa siku kadhaa, uliza ubalozi wa Kenya ulioko Doha.

Nne, usimwonyeshe mtoto picha za vita. Akiuliza, mwambie kweli kwa maneno machache: "Kuna vita mbali. Tunangoja mama atupigie. Mimi niko hapa nawe." Kisha ale, aoge, alale kwa saa zake za kawaida.

Tano, meza dawa zako kama ulivyoagizwa, vita viwepo visiwepo.

Ukikosa usingizi kwa majuma mawili, ukishindwa kula, au ukiona kazi za nyumbani zinakushinda, nenda katika kituo cha afya kilicho karibu. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje. Mwambie mtu wa nyumbani na mwende siku hiyo hiyo.

Mama, binti yako alikuachia mtoto kwa sababu anakuamini. Pumzika, ili atakapopiga simu akukute mzima, na mtoto akiwa ameshiba.