Kodi ya Nyumba, Pointi za Safari

Msikilizaji, kwa ndugu zetu wengi walioko Marekani, kodi ya nyumba ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya mshahara. Mtu akiambiwa kwamba kodi hiyo hiyo, akiilipa kwa kadi ya mkopo, itamzalia pointi za kumpeleka Nairobi au Dar es Salaam kumwona mama, atawezaje kutosikiliza? Kabla hajajaza fomu, tupige hesabu pamoja.

Chukua kodi ya dola 1,500 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi, au kampuni zinazowapokelea malipo, hutoza ada inayokaribia asilimia 3 kwa anayelipa kwa kadi. Tuseme ni 2.9. Hizo ni dola 43 na nusu kila mwezi, dola 522 kwa mwaka. Ukipewa pointi moja kwa kila dola, mwaka unaisha ukiwa na pointi 18,000, na kwa kipimo cha senti moja kwa pointi, thamani yake ni dola 180. Umetoa 522 upate 180! Heri fedha hizo ungeziweka kwenye kibubu.

Hesabu hugeuka ada isipokuwepo. Bilt, mpango wa pointi za kodi ulioanza 2021, ulijipatia jina kwa kuondoa ada hiyo. Lakini masharti yake yamebadilika, kwa hiyo soma ya leo, si uliyosimuliwa na rafiki. Hugeuka pia kwa bonasi ya mteja mpya. Kadi ikiahidi pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3, kodi ya miezi 2 inakufikisha dola 3,000 kwa ada ya dola 87, na zilizobaki utazitimiza kwa matumizi yako ya kawaida. Hapo nakubali, mradi bonasi ikishaingia urudi kulipa kwa akaunti ya benki.

Kadi yenyewe ichague kwa kuangalia ndege inayofika kwenu. Pointi zinazohamishika kwenda Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, zinaweza kukukatia hata tiketi ya Kenya Airways, inayoruka moja kwa moja kati ya New York na Nairobi tangu 2018.

Ila kama huwezi kulipa deni lote kila mwezi, tafadhali iache njia hii. Dola 1,500 zikilala mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 21 kwa mwaka, ambayo ni ya kawaida huko, utadaiwa riba ya dola 26. Pointi za kodi hiyo zina thamani ya dola 15.