Mwalimu Anaendeleaje?



 Mgeni rasmi wa shule, kama mimi leo, hutarajiwa azungumzie alama za mtihani, basi la shule na madarasa mapya. Matokeo yenu nimeyaona, nawapongeza. Basi pia nimeliona, ni zuri. Lakini nilimwomba Mwalimu Mkuu aniruhusu nitumie muda wangu kwa jambo jingine, naye akakubali bila kusita. Nataka tuzungumze kuhusu walimu wetu wa zamani wanaougua, na jinsi sisi tuliofundishwa nao tunavyopata habari zao.

Habari za mwalimu aliyestaafu hutufikia mara mbili. Mara ya kwanza ni pale amelazwa na bili imepanda. Ujumbe unaingia kwenye simu ukiwa na nambari ya kutumia mchango, na mwisho wake umeandikwa "tafadhali sambaza". Mara ya pili ni tangazo la kifo, na ile picha yake ya zamani akiwa na tai na kalamu mbili mfukoni. Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili kuna miezi, na kwa wengi kuna miaka. Katika muda huo mwalimu yuko nyumbani anajifunza upya kushika kijiko, au anapanda matatu mara mbili kwa wiki kwenda kusafishwa damu, au anasubiri kidonda cha mguu kifunge. Hatuambiwi lolote. Na nawaambia kama muuguzi: wengi wao hupata nafuu. Wapo waliolazwa tukachangisha, wakatoka, wakarudi shambani kwao, na nusu ya waliochanga hadi leo hawajui kama waliyemchangia yu hai.

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Nakuru kwa miaka mingi, katika ile hospitali kuu ambayo wengi wenu bado mnaiita PGH ingawa jina lilibadilika. Naomba niwasimulie jambo moja nililoliona huko, nikiwaficha wenyewe.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hakufundisha shule hii, aliletwa akiwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yamepotea. Alielewa unachomwambia, lakini akitaka kujibu hutoka sauti isiyo neno. Mkewe alikaa naye kutwa, akimjibu kwa macho. Jioni moja, saa za kuona wagonjwa, akaingia dereva wa matatu za kwenda Molo, mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa amesikia stejini, kwa bahati tu, kwamba mwalimu wake yuko wodini. Alipofika kitandani hakujua la kusema. Akasimama wima, mikono imenyooka, akasema kwa sauti ya darasani: "Hujambo, mwalimu!" Mwalimu akageuza shingo, akajibu waziwazi: "Sijambo. Kaa chini."

Mkewe alilia. Mimi nilikuwa na trei ya dawa mkononi, nikaiweka chini.

Haukuwa muujiza. Mtu akipoteza usemi kwa kiharusi, mara nyingi yale maneno yaliyozoeleka mno hubaki hata anaposhindwa kuunda sentensi mpya: salamu, kuhesabu moja hadi kumi, sala, nyimbo za utotoni. Wataalamu wa tiba ya usemi mara nyingi huanzia hapo. Sasa fikirini mtu aliyeitikia salamu ya darasa kila asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini. Salamu ile imelala ndani yake, na wenye ufunguo wake ni wanafunzi wake. Daktari hana ufunguo huo, mimi sina, na hata mkewe hakuwa nao. Mwalimu yule hakupona jioni ile. Ilichukua miezi ya mazoezi. Lakini wataalamu wa viungo watawaambia kwamba baada ya kiharusi nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo. Basi wakati mgonjwa anapohitaji watu zaidi ndio huo huo ambao sisi huwa tumeshatuma mchango, tumenyamaza, na kuamini kwamba wajibu wetu umekwisha.

Si mimi pekee nisemaye hivi. Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Julianne Holt-Lunstad, pamoja na wenzake wawili, walichambua tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Walikuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, kuliko wale ambao uhusiano wao ulikuwa dhaifu. Wagonjwa wa aina nyingi na watu wazima wa afya njema walikuwemo. Nikisema kwamba kumtembelea mwalimu ni sehemu ya matibabu, sisemi ili kuwafurahisha.

Lakini utamtembeleaje mtu usiyejua aliko? Hapa ndipo shule za Nakuru zina shida yake ya pekee. Walimu wetu walitoka kila upande wa nchi. Mmoja alistaafu akarudi Nyamira, mwingine Kakamega, mwingine Nyandarua, mwingine akanunua robo ekari huku Bahati au Rongai. Kisha tukumbuke ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzo wa mwaka 2008. Vijana mlio hapa hamkuwa mmezaliwa. Waulizeni wazazi wenu. Kulikuwa na mahema katika uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, na Molo na Naivasha ziliwaka. Walimu wengi waliondoka na familia zao usiku, wakaomba uhamisho, hawakurudi. Wapo waliofundisha darasani kwenu Novemba, na Januari wakawa hawapo, bila mtu kuaga mtu. Tangu hapo hatujaulizana. Nafikiri tunaona haya kuulizana. Mimi nasema ugonjwa wa mwalimu ni sababu tosha ya kuivunja haya hiyo na kumpigia simu.

Na msijifariji kwamba mwalimu ana pensheni. Bima ya matibabu ya walimu ni ya walio kazini. Ukistaafu inabaki nyuma yako. Tangu Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya taifa, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mstaafu asiye na mshahara hulipa mchango wake kulingana na kipato kinachokadiriwa, na hulipa wa mwaka mzima. Wapo wanaoshindwa. Na wale waliostaafu baada ya makubaliano ya mishahara ya 1997 mnajua historia yao: pensheni yao ilikokotolewa bila nyongeza iliyokubaliwa. Walishtaki hapahapa, Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2008 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, akaamua kwamba walipwe. Walikuwa zaidi ya 50,000. Baada ya hukumu kukawa na rufaa, kukawa na maombi, na kukawa na kusubiri. Wengi walizikwa kabla ya kuona senti. Baadhi yao walifundisha baadhi yenu mlioketi hapa.

Tukirudi kwenye habari zenyewe, hatuwezi kusema kwamba habari za walimu hazina mbio. Tarehe 24 Machi 2019, Ndugu Peter Tabichi wa Keriko, shule ya kutwa kule Njoro, alitangazwa Dubai kuwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni moja, Mwafrika wa kwanza kuipata. Usiku ule ule Nakuru nzima ilijua. Hatukuhitaji mkutano wala kamati. Habari ya mwalimu huyo wa fizikia na hesabu ilipita katika simu zetu kwa sababu kila mmoja wetu aliona ni yake. Nataka habari ya mwalimu aliyetembea leo kutoka kitandani hadi mlangoni ipite namna hiyo hiyo miongoni mwa aliowafundisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: ruhusa.

Ugonjwa wa mwalimu ni wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mmoja wetu. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, heshima ipo. Mwalimu aliyesimama mbele yenu akiwa amepiga pasi suruali kila siku hataki mmwone kwenye simu akiwa na gauni la hospitali na mipira puani. Nimeona picha kama hizo zikisambazwa na watu wenye nia njema kabisa. Nimeona pia rambirambi zikiandikwa kwa mwalimu aliyekuwa akinywa uji wodini, na mwanawe akizisoma kwenye korido. Mtu mmoja alisikia vibaya, wa pili akasambaza, na kufikia saa sita mchana kulikuwa na ratiba ya mazishi.

Kwa hiyo nimependekeza kwa Bodi ya Usimamizi ya shule, na kwa chama chetu cha wanafunzi wa zamani, tuwe na watu wawili wa kazi hii. Mmoja awe mwanafunzi wa zamani, mwingine awe mwalimu mstaafu, kwa sababu mstaafu ataambiwa mambo ambayo sisi hatutaambiwa. Asiwe Mwalimu Mkuu, kwani yeye Tume ya Huduma za Walimu (TSC) inaweza kumhamisha muhula ujao na daftari la kazi hii likaondoka naye. Wawili hao wampigie mgonjwa mwenyewe, au aliyemchagua kumsemea, wamwulize anataka nani ajue, ajue nini, na kama anataka wageni. Akisema hataki lolote lisemwe, basi lisisemwe, na yeyote atakayeuliza aambiwe hivyo kwa adabu.

Akikubali, habari itoke kwao peke yao, iwe na tarehe, na iseme jambo linaloonekana. Nawaomba tuache "anaendelea vizuri". Kila mgonjwa niliyemhudumia, hata aliyekuwa akienda, kuna mtu alisema kwenye simu kwamba anaendelea vizuri. Semeni ametoka chumba cha wagonjwa mahututi. Semeni ameanza kula mwenyewe. Semeni wiki hii amerudi nyuma, na familia inaomba kimya. Na msisimame siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mchango huisha siku ile, na upweke ndipo huanza, hasa kwa aliye mbali kule Olenguruone au Kuresoi ambako mvua ikinyesha pikipiki hazifiki. Mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, mwalimu apigiwe tena na sisi tuambiwe.

Ninyi wanafunzi hamruhusiwi simu shuleni, na ni sawa. Habari hizo mtasomewa katika gwaride la Jumatatu. Nawaombeni barua. Andikeni kwa mkono, hata kwa mwalimu aliyestaafu kabla hamjazaliwa. Mwambieni mti alioupanda kando ya maabara umefika wapi, na ni nani sasa anafundisha somo lake. Mgonjwa aliyelala miezi husoma barua moja mara nyingi, na mwalimu ataisahihisha. Nawaambia ataisahihisha, na kushika kalamu kwake ni zoezi la viungo.

Mwalimu Mkuu, sitaki tuondoke na maneno matupu. Juma hili nilizungumza na mmoja wa walimu wetu wa zamani wa hesabu, anayeuguzwa nyumbani kwake. Ameniruhusu nimtaje kwa wanafunzi wake, si kwa wageni wote, kwa hiyo hapa jina lake sitalitaja. Katibu wa chama atalisoma alasiri katika mkutano wetu wa ndani. Aliloniruhusu niliseme hadharani ni hili: anatembea kwa mkongojo hadi lango la boma na kurudi. Mkono wa kushoto bado. Anapenda kupigiwa jioni, baada ya taarifa ya habari, na hataki kuulizwa kuhusu ugonjwa. Anataka kuulizwa hesabu. Asiletewe soda wala mikate mitamu, maana sukari yake iko juu. Jumamosi alasiri anapokea wageni, wasizidi wanne kwa pamoja, na aliyewahi kufukuzwa darasani kwake anakaribishwa kwanza.

Walimu wastaafu mlio hapa, karatasi za ruhusa ziko kwenye meza ya katibu, kando ya mlango wa ukumbi. Jazeni mkiwa wazima, mseme mtapenda nini kisemwe siku mtakapougua, na nani aulizwe. Kuna nafasi ya kuandika "sitaki", na mtakaoiandika tutawatii. Wanafunzi wa zamani, kwenye meza hiyo hiyo kuna daftari lenye majina ya walimu ambao hatujui waliko tangu 2008. Anayejua kijiji, anayejua nambari ya mtoto wao, aandike kabla ya chakula.