Sauti Kavu na Mapambo Yake: Maneno ya Fundi wa Mitambo

 

Kwa kawaida mimi hukaa nyuma ya mikisa, na mkinisikia nikisema neno mnajua kuna kitu kimeharibika. Leo mwenyekiti amenipa dakika kumi nieleze ile kazi ya kompyuta, kwa ajili ya vijana watakaoipokea, na pia kwa sababu mama mmoja aliniuliza pale mlangoni, "Mwanangu, ni kweli ulipoteza ule wimbo?" Mama, nilidhani nimeupoteza. Nitaeleza.

Ni ule wimbo ambao marehemu mama yetu wa sauti ya pili anaongoza ubeti peke yake. Jina lake sihitaji kulitaja, na watoto wake wameketi safu ya tatu. Tuliurekodi humu humu, siku ambayo mvua ilitunyeshea kwenye mabati mpaka tukasimama mara tatu. Hatuna rekodi nyingine ambayo anasikika peke yake, na kamati ilitaka uwe kwenye kumbukumbu ya jubilii.

Laptopu yetu ya zamani ilizima na haikuwaka tena. Nyimbo nilikuwa nimezihifadhi kwenye diski ya nje, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Mlichanga, tukapata laptopu mpya, nikanakili folda yote, nikafungua wimbo kwa Reaper, programu tunayotumia kurekodi. Ikafika katikati, ikajifunga. Nikajaribu tena, ikajifunga. Saa nane ya usiku nilikuwa bado ofisini kwa kanisa nikitafuta maneno ya kumwambia kifungua mimba wake.

Hapo ndipo vijana wanisikilize. Plagini ni programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu kubwa ya muziki ili ifanye jambo moja: kuongeza mwangwi, kupunguza besi, kuzuia sauti isipande ghafla. Mtindo unaotumika sana unaitwa VST, ulioletwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996. Jambo ambalo sikulitilia maanani usiku ule ni kwamba plagini haikai ndani ya wimbo. Wimbo unakumbuka tu jina la plagini na jinsi ulivyoipanga. Ukihamisha wimbo kwenda kwa mashine nyingine, plagini zinabaki kule kwa mashine ya zamani. Ni kama kuandika kwenye programu ya ibada kwamba fulani atapiga kinanda, na fulani mwenyewe yuko Kisumu.

Plagini ikikosekana tu, Reaper haianguki. Inakuambia haikuipata, na sauti inatoka bila hiyo plagini. Sasa yetu ilikuwa inaanguka. Maana yake kuna plagini iliyokuwepo na ni mbovu, kwa sababu nilikuwa nimeshasakinisha zote nilizokuwa nazo kwenye fleshi yangu. Kwenye dirisha la kufungua wimbo kuna kisanduku kidogo cha kuamuru plagini zote zizimwe wakati wa kufungua. Nilikuwa nimekiona miaka yote bila kukiuliza kazi yake. Nikakiweka alama. Wimbo ukafunguka.

Nikabonyeza kucheza. Wapendwa, nilikuwa nimeizoea ile sauti ikiwa na mwangwi wa kanisa kuu la Ulaya ambao niliupaka mimi mwenyewe. Sasa ilikuja kavu. Mvua inasikika, kiti kinalia, na mama anavuta pumzi kabla ya mstari wa kwanza. Sikuendelea na kazi usiku huo.

Kesho yake niliwasha plagini moja baada ya nyingine, nikihifadhi kila hatua. Ya nne ikaangusha programu. Ilikuwa ni plagini ya mwangwi, na hapa ninawaungamia: sikuinunua. Nilipewa kwenye fleshi na jamaa mmoja, ikiwa imevunjwa kufuli. Sisi ndio tulilalamika hapa mbele ya kanisa kwamba watu wananakili nyimbo zetu na kuziuza mjini, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inayolinda nyimbo hizo inalinda programu za kompyuta pia. Mwalimu alipojua hakunigombeza. Aliniuliza tu kama bado naimba besi kwenye ule wimbo wetu wa Amri Kumi.

Nimezifuta zote za aina hiyo. Mahali pake nimeweka za bure zilizo halali: zile zinazokuja na Reaper yenyewe, TDR Nova ya kurekebisha besi na ukali, na Valhalla Supermassive kwa mwangwi. Na niseme ukweli, hakuna aliyesikia tofauti isipokuwa mimi.

Mkisakinisha plagini na haionekani kwenye orodha, msiisakinishe mara tano kama nilivyokuwa nikifanya. Angalieni kwanza imeenda wapi. Kwenye Windows, VST3 zina nyumba moja: diski C, ndani ya Program Files, halafu Common Files, halafu VST3. Zile VST za zamani hazikuwa na nyumba maalum, kila moja ililala ilipotaka, kwa hiyo lazima muioneshe programu folda yenyewe. Kisha amuruni programu ipekue upya, ifute na kumbukumbu yake ya zamani, maana plagini ikikwama mara moja programu inaweza kuikumbuka kama mbovu na kuipita kila siku. Kama bado, angalieni ni ya biti 32 au 64. Reaper hujua kuzipatanisha kwenye Windows, lakini programu nyingi za sasa za biti 64 haziitambui kabisa ya 32.

Malalamiko ya waimbaji kwamba wanajisikia kwenye hedifoni kama wanajibiwa na mtu mwingine ni jambo jingine. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, fungu la sampuli 1,024 ni milisekunde 23 hivi, na hiyo ni njia moja tu, bado kurudi. Wakati wa kurekodi punguzeni fungu hadi 128 au 256 na zimeni plagini nzito. Wakati wa kuchanganya lipandisheni tena, la sivyo sauti itaanza kukwaruza kama maharagwe makavu kwenye sufuria.

Kuhusu ile ya kunyoosha sauti, najua kuna wazee hawaipendi. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, na aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, kazi yake ya awali ilikuwa kuchambua mawimbi ya ardhini kwa watafutaji wa mafuta. Sitaingia kwenye ubishi. Nasema tu imeundwa kwa sauti moja moja. Ukiiweka kwenye maiki iliyoshika kwaya nzima inachanganyikiwa, na ukiipa ufunguo usio wa wimbo itamvuta mwimbaji aliye sawa hadi kwenye noti mbaya. Waliokuwepo Pasaka wanakumbuka.

Tangu usiku ule nina utaratibu mmoja, na nimeuandika ukutani ofisini. Kila wimbo ukikamilika, kila sauti inatolewa kama faili ya WAV mara mbili, moja kavu na moja yenye mapambo, na zinakaa kwenye diski mbili zisizolala nyumba moja. Moja iko kwa katibu.

Vijana, tukutane Jumamosi baada ya mazoezi. Njooni na fleshi tupu.

Ule wimbo ni wa nne kwenye orodha ya leo. Watoto wake nimewasikilizisha zote mbili, ya mwangwi na ile kavu, nikawaacha wachague. Wamechagua yenye mvua.