Kamba Hukatikia Pabovu
Mazungumzo na wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama



Wengi wetu huku Geita na Shinyanga ni wakulima na wafugaji. Pamba ikishauzwa, vijana wetu huchukua sururu na kwenda Nyarugusu, Rwamagasa au Mwime kutafuta dhahabu. Huko hushuka ndani ya maduara kwa kamba. Leo tuzungumze juu ya kamba hiyo, hasa juu ya fundo lake.

Wazee walisema kamba hukatikia pabovu. Ni kweli. Lakini tujue kwamba fundo nalo ni pabovu, hata kama kamba imenunuliwa jana. Kwa nini? Kamba iliyonyooka hubeba mzigo kwa nyuzi zake zote. Ndani ya fundo kamba imepindwa. Nyuzi za nje huvutwa sana, za ndani hulegea. Basi zile za nje hukatika kwanza.

Haya, tufanye hesabu kidogo. Tuseme kamba iliyonyooka hukatika kwa mzigo wa kilo 1,000. Tukiipiga fundo la kawaida, itabaki na nguvu ya kilo 600 hivi. Tukiipiga fundo la nane, itabaki na kilo 750 hivi. Kamba ni ile ile, bei ni ile ile. Kilichobadilika ni fundo tu.

Labda mtu atasema, "Mimi nina kilo 70, kilo 600 zanitosha." Hapana, ndugu. Mtu akiteleza akaanguka, huivuta kamba kwa nguvu kubwa kuliko akining'inia kimya.

Fundo la nane hufungwaje? Kunja ncha ya kamba iwe mbili, urefu wa mkono mmoja. Ncha hiyo iliyokunjwa ivuke juu ya kamba, ifanye pete. Izungushe nyuma ya kamba, kisha irudi mbele na kuingia ndani ya pete. Kaza sana. Acha mkia wa shubiri moja, maana kamba za plastiki huteleza. Ukilitazama fundo utaiona namba 8, ile ile tuliyojifunza darasani.

Fundo la tanzi, lile linalojikaza lenyewe, tusimfungie mtu. Mfugaji hamfungi ndama shingoni kwa tanzi, maana atanyongwa. Je, mtoto wetu?

Tukumbuke pia: katani huoza kwa maji, plastiki huharibiwa na jua, na mdomo wa duara husaga kamba. Tuweke gunia pale inaposuguliwa. Kamba ikichubuka, tuikate tufungie mbuzi.

Mwisho, sisi tunaojua kusoma na kuandika tusishuke kwa kubahatisha. Tuandike katika daftari: kamba ilinunuliwa lini, na nani ameikagua asubuhi hii. Mwenye duara akisema hakuna nafasi ya mambo hayo, tumjibu kwa heshima: "Mzee, kamba ni yako, lakini roho ni zetu."