Mwalimu wa Michezo na Haki ya Mtoto
Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wazazi





Tume ya Haki na Amani imezoeleka kuzungumza habari za ardhi, uchaguzi na mishahara ya wafanyakazi. Leo tumechagua jambo ambalo huenda wengine wakalidhania dogo, nalo ni mtu anayewafundisha watoto wetu michezo. Sisi hatulioni dogo. Mwalimu wa hesabu humwona mtoto akiwa ameketi darasani pamoja na wenzake, mlango ukiwa wazi. Mwalimu wa michezo humwona alfajiri, akiwa amechoka, mbali na nyumbani, na akiwa na tamaa ya kushinda. Ndiye anayeamua nani asafiri na nani abaki. Mara nyingi mtoto humsikiliza kuliko anavyomsikiliza baba yake. Hayo ni mamlaka, tena makubwa, na kila palipo na mamlaka ni wajibu wetu kuuliza yanatumikaje na kwa faida ya nani.

Ili tusizungumze hewani, tumwangalie mtu mmoja ambaye kazi yake inajulikana. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika Iten, ukingoni mwa bonde la Kerio, mahali palipo juu kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Alikuwa wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa na Askofu Daniel Delany huko Tullow mwaka 1808 kwa ajili ya elimu ya vijana. Alitumwa kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya wavulana ya Mtakatifu Patrick, na hakukusudia kukaa muda mrefu. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa na cheti chochote cha ukufunzi wa riadha. Palikuwapo shuleni mwalimu kijana Mwingereza, Peter Foster, ambaye ndugu yake Brendan alikuwa mkimbiaji mashuhuri. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wavulana mbio, naye alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Mtu asiyejua kazi ana njia mbili: kujifanya anajua, au kutazama. Bruda Colm alitazama. Aliwatazama wavulana wakikimbia, akawauliza wanavyojisikia, akajifunza kutoka kwao kabla ya kuwafundisha. Wanaoeleza mazoezi yake husema kwamba hayakuwa ya kukamia. Vijana walikimbia taratibu katika vumbi jekundu, wakafundishwa jinsi ya kusimamisha mwili, kutupa mikono na kushusha mabega, na hakuwa mtu wa kuitegemea sana saa ya kupimia mbio. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwalimu anayemkamua mtoto wa miaka kumi na minne apate kikombe cha mwaka huu, amekopa nguvu za mtoto huyo na hatazilipa kamwe.

Matunda yake mnayafahamu. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya Boston mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huo huo Peter Rono, akiwa kijana wa miaka 21, alipata dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul. Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji mjini Barcelona mwaka 1992. Wote hao walipita katika shule ile. Hapo shuleni ipo miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi waliopata ubingwa, kila mti na kibao chake.

Tuseme pia, ili asije mtu akatuelewa vibaya, kwamba Wakenya hawakusubiri Mwairishi aje awafundishe kukimbia. Kipchoge Keino na Naftali Temu walikuwa wameleta dhahabu kutoka Mexico tangu 1968, na Bruda alizikuta mbio mlimani. Tunamkumbuka kwa namna alivyoyatumia mamlaka aliyokabidhiwa juu ya watoto wa watu wengine, kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini.

Kwanza, alikuwa mwalimu, na baadaye mkuu wa shule. Mbio zilikuwa sehemu ya malezi na hazikuchukua nafasi ya shule. Rono, kwa mfano, alisoma chuo cha Kikatoliki cha Mount St. Mary's huko Maryland, Marekani. Kijana aliyesoma anaweza kuusoma mkataba anaoletewa na wakala, akakataa kutia sahihi. Yule aliyeachishwa shule ili akimbie hutia sahihi popote anapoonyeshwa kwa kidole.

Pili, aliwafungulia wasichana mlango. Shule yake ilikuwa ya wavulana tu, na katika miaka ile wazazi wengi waliona binti anayekimbia barabarani na kaptura ni aibu. Hata hivyo aliwafundisha mabinti pia, na kuanzia mwaka 1989 akaanzisha kambi za mazoezi wakati wa likizo, ambako wasichana na wavulana walifika wakifundishwa kwa kipimo kimoja. Edna Kiplagat, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na tena 2013, alipita katika kambi hizo akiwa binti mdogo. Angalieni jinsi kazi ile ilivyopangwa: likizoni, katika kundi, mahali panapojulikana, mchana kweupe, kisha mtoto anarudi kwao. Yeye hakuwa wakala wa mtu.

Tatu, mlango wake haukuuliza kabila. Mwaka 2005 alimpokea David Rudisha, kijana wa Kimaasai kutoka Kilgoris, aliyekuwa akisoma shule ya jirani ya Kimuron. Kijana huyo alikuwa wa mita 400, akageuzwa wa mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mbio ambazo hajawahi kuzikimbia binadamu yeyote kabla yake. Katika mji wa Wakeiyo, mtoto wa Kimaasai alilelewa kama mtoto wa nyumbani. Hatusemi kwamba mbio zenyewe huleta amani. Katika eneo lile lile la Bonde la Ufa, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Lucas Sang, aliyekuwa mkimbiaji wa Olimpiki, aliuawa karibu na Eldoret, na wanariadha wengine walijeruhiwa. Miguu haina dini wala siasa, lakini mwenye miguu anazo. Amani hufanywa na watu walioamua kuifanya, kama alivyofanya Tegla Loroupe, aliyetumia mbio kuwakutanisha vijana wa jamii za wafugaji waliokuwa wakiuana kwa ajili ya ng'ombe.

Sasa, ndugu wapendwa, tufike mahali panapouma.

Iten hiyo hiyo, tarehe 13 Oktoba 2021, Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwezi mmoja tu kabla yake alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao, huko Ujerumani. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Mwezi Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess na mwanamume aliyewahi kuishi naye, akafa hospitalini Eldoret. Baba yake alieleza kwamba ugomvi ulihusu kiwanja alichonunua binti yake. Wanariadha wenzake Agnes wameunda chama, Tirop's Angels, ili wasichana wapate mahali pa kusema kabla hayajawafika.

Hatumhukumu mtu ambaye kesi yake ni ya mahakama. Lakini wanaowajua wanariadha wa kike wanaeleza mtindo mmoja unaojirudia. Msichana wa darasa la saba au kidato cha pili anaonekana ana kipaji. Anatokea mwanamume, humnunulia viatu, humtafutia chakula, hujiita kocha wake. Wazazi ni maskini, wanashukuru. Baada ya muda kocha amekuwa mchumba, kisha mume, kisha mweka hazina, na shamba na nyumba vinaandikwa kwa jina lake. Msichana anapofikia umri wa kuuliza fedha zake ziko wapi, hana wa kumwuliza ila mtu yule yule. Mamlaka yote manne yako katika mkono mmoja. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya huyu na mwalimu wa Iten tuliyemtaja. Wote wawili waliona kipaji, na wote wawili walitoa muda wao. Mmoja alihakikisha kwamba mtoto ana shule, ana wenzake, ana wazazi, na anaweza kuondoka. Mwingine alihakikisha kwamba hana pa kwenda.

Tusiseme kwamba hayo ni ya mbio na nyanda za juu. Vigangoni mwetu iko mpira wa miguu, iko kwaya, iko ngoma ya watoto, na katika kila moja yuko mtu mzima anayeamua nani asafiri na nani abaki. Wengi wao ni watu wa heshima wanaojitolea bila malipo. Kila mmoja wetu anamkumbuka mwalimu aliyebeba mipira begani, aliyewanunulia watoto maji kwa fedha yake, aliyewafikisha mmoja mmoja majumbani mwao usiku baada ya mechi ya ugenini, na jina lake halikuandikwa kwenye kikombe chochote. Mtu wa namna hiyo haogopi kuulizwa. Akikasirika kwa sababu mama wa mtoto amekuja kutazama mazoezi, hapo tuna sababu ya kuuliza zaidi. Nasi wazazi tuache tabia ya kumkabidhi mtoto kwa mtu mzima kama tunavyokabidhi mbuzi kwa mchungaji, tukirudi tu siku ya kuvuna.

Halafu liko suala la uwanja. Watoto wasiokuwa na uwanja wa wazi hufundishwa mafichoni. Uwanja wa Kamariny, karibu na Iten, ambako mabingwa wengi walianza, ulifungwa mwaka 2017 ili ufanyiwe matengenezo, na miaka ikapita bila kazi kukamilika, wakimbiaji wakibaki barabarani pamoja na malori. Ikiwa mji wenye sifa duniani kote umefanyiwa hivyo, sembuse kiwanja cha shule ya msingi ambacho sehemu yake imezungushiwa ua na mtu asiyejulikana? Kiwanja cha watoto ni ardhi ya umma sawa na kisima, na kukitetea ni kazi ya Tume hii.

Tume itakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Kila kigango kilete jina la mtu anayewafundisha watoto wake michezo au kwaya, naye mwenyewe aje, kwa maana tunataka kumshukuru na kuzungumza naye. Kilete pia majina ya akina mama wawili waliokubali kuwapo saa za mazoezi na katika safari. Vigango ambavyo havina uwanja vilete habari ya mahali uwanja ulipokuwa, na ni nani anayelima hapo sasa.